Neno la Ufufuo kwa Mfiwa: Jinsi ya Kufariji Msibani Nairobi

Msiba wa Nairobi una nyumba mbili. Kuna ya mjini, pengine chumba na sebule katika ghorofa ya nne huko Umoja au Pipeline, ambako jamaa, majirani na watu wa kanisa hukutana kila jioni. Na kuna ya ushago, yaani kijijini, ambako wengi hurudishwa kuzikwa. Kati ya nyumba hizo mbili kuna wiki moja au mbili za vikao vya kamati ya mazishi, michango ya M-Pesa, safari za mochari na kutafuta basi. Siku hizo mfiwa husikia maneno mengi, na mengi hayamfiki. Sisi tunaotumwa na makanisa na jumuiya kuwatembelea wafiwa tumejifunza kwamba tumaini la Kikristo kuhusu maisha baada ya kifo lina nguvu kweli, ila lina masharti yake. Lije baada ya watu kuketi na mfiwa. Liwe fupi. Na lilingane na kile ambacho kanisa la mfiwa mwenyewe linafundisha.

Kuketi kwanza. Siku ya habari mbaya nendeni wawili tu: mmoja awe anajulikana na mfiwa, wa pili awe wa kusaidia kazi za nyumbani. Ingieni, mwiteni kwa jina analoitwa pale nyumbani, Mama Brian, Shosho au Mzee, mseme "pole sana", kisha mkae. Msiulize amekufaje, ameshaieleza habari hiyo kwenye simu mpaka sauti imekauka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hadi hapo walifanya vyema. Walikosea walipoanza kumweleza sababu za Mungu.

Kuketi huko hakumaanishi kukunja mikono. Yule wa pili aangalie kama watoto wamekula, kama gesi ipo, kama kuna maji kwenye madumu, na kama simu ya mfiwa inaweza kupokewa na mtu mwingine kwa saa moja. Chai ya watu 30 hutaka kama lita 4 za maziwa, lita 4 za maji na nusu kilo ya sukari, na jioni ya msiba watu 30 hujaa haraka. Ukibeba maziwa, sukari, majani na mikate, umemwondolea mfiwa aibu ya kuwaza wageni watakunywa nini. Atakusikiliza vizuri zaidi kesho yake ukifungua Biblia.

Kisha yale maneno ambayo hutoka mdomoni yenyewe. "Kazi ya Mungu haina makosa." Anayesema hivyo ana imani na ana nia njema. Lakini mama aliyempoteza kijana wake saa sita zilizopita huyasikia kama onyo, kana kwamba kulia kwake ni kumkosoa Mungu. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, mwenye msiba. Akiyasema mfiwa, itikia amina. Mgeni asimtangulie. "Mungu amempenda zaidi yetu" ni hatari hasa mbele ya watoto: mtoto wa miaka 7 huelewa kwamba Mungu alimtaka mama yake akamchukua, na baada ya hapo haombi tena usiku. Naye anayesema "usilie, jikaze" asome Yohana 11 tena. Yesu alikuja Bethania akijua atamfufua Lazaro muda mfupi baadaye, na bado mstari wa 35 unasema alilia machozi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Hakuwakataza kuhuzunika.

Sasa fundisho lenyewe, maana hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Wakristo wote wa jadi hukiri kwamba Kristo alifufuka, kwamba atarudi, kwamba wafu watafufuliwa, na kwamba walio wake watakuwa naye milele. Tofauti ziko kwenye swali ambalo mfiwa huliuliza kwa sauti ya chini: sasa hivi yuko wapi?

Mkatoliki hufundishwa kwamba roho hupita mbele ya Mungu mara tu mtu anapokufa, na kwamba waliokufa katika neema lakini hawajatakata kabisa husafishwa toharani. Ndiyo maana humwombea marehemu. Jumuiya ndogo ndogo huja kila jioni na rosari, familia huomba misa, na utasikia "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie". Kwa Mkatoliki sala hiyo ni kazi ya upendo ambayo bado anaweza kumfanyia mtu wake, na ukimwambia haina maana umemnyang'anya faraja yake kubwa. Kwenye makanisa ya PCEA (Presbiteri), AIC (Africa Inland Church) na ya Kipentekoste, na kwa sehemu kubwa ya ACK (Anglikana), marehemu haombewi. Mungu hushukuriwa kwa maisha yake, na maombi huwa ya waliobaki. Kwao aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo tayari, kama Paulo anavyoandika katika Wafilipi 1:23. Msabato naye huamini marehemu amelala, hajui lolote, kulingana na Mhubiri 9:5, mpaka Bwana atakaporudi na kumwamsha. Ukisimama kwenye nyumba ya Wasabato useme "anatuangalia kutoka juu", umewapa kitu wasichokiamini, na wazee watainama kwa heshima tu. Pia usiwapangie mazishi Jumamosi, maana ndiyo Sabato yao.

Shida ya Nairobi ni kwamba nyumba moja ina haya yote. Mama ni wa kanisa Katoliki la Holy Family, kijana anaabudu kanisa la Kipentekoste huko Kasarani, mjomba aliyetoka Kisii ni mzee wa kanisa la Wasabato. Kabla ya kukubali kutoa neno, muulize mtu mmoja wa familia maswali mawili: marehemu alikuwa wa kanisa gani, na ibada ya mazishi itaongozwa na nani. Hayo yanatosha. Ukikuta mchanganyiko, shika maandiko ambayo wote wanayaamini kwa namna moja. Yohana 11:25: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Wathesalonike wa Kwanza 4:13 hadi 18, ambayo inaishia kwa agizo la kufarijiana kwa maneno hayo. Ufunuo 21:4, pale Mungu anapofuta kila chozi na mauti haipo tena. Luka 23:43, ambapo mhalifu msalabani anaahidiwa peponi, ni andiko zuri mno, lakini Wasabato wanalisoma kwa namna nyingine. Likisomwa kwenye sebule ya watu wa aina zote linaweza kuzua mjadala, na mjadala ndio kitu cha mwisho anachohitaji mjane.

Neno la jioni liwe dakika 7, zikizidi sana 10. Lisemwe kabla ya mweka hazina kusoma michango, kwa sababu baada ya hesabu watu huanza kutazama saa na matatu za mwisho. Soma mistari 5 au 6 polepole. Taja jina la marehemu, si "mwenda zake" wala "marehemu" mwanzo hadi mwisho. Taja jambo moja alilolifanya ambalo watu waliomo chumbani wanalijua: kwamba alifungua duka saa kumi na moja asubuhi, kwamba aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Kisha toa ahadi moja tu kutoka kwenye andiko, uieleze kwa maneno ya kawaida, uombe kwa dakika moja, ukae. Ahadi mbili ni nyingi kwa mtu ambaye hajalala siku tatu.

Yanayoharibu tunayaona tena na tena. Mhubiri anaona umati, anageuza matanga kuwa mkutano wa injili: "Kuna mtu hapa hajaokoka, na zamu yako ni kesho." Wito wa wokovu una siku yake; pale mfiwa anasikia tu kwamba kifo cha mtu wake kimekuwa mfano wa kutishia watu. Mwingine huleta ndoto, eti ameonyeshwa marehemu akiwa amevaa mavazi meupe. Familia hushika picha hiyo, na wiki inayofuata anakuja mwingine na ndoto tofauti. Mwingine husema maneno ya mafumbo kuhusu tabia ya marehemu, na kila mtu anajua anamaanisha nini. Kama kipaza sauti kiko mkononi mwako, kumbuka ya kwamba watoto wa marehemu watakumbuka sentensi zako kwa miaka mingi.

Kutazama mwili ndiko kugumu kuliko yote, na ndiko ambako mfariji anaweza kusaidia zaidi. Siku ya kuchukua mwili, familia hufika mochari asubuhi na nguo, viatu pengine, na kibali cha mazishi. Familia nyingine tatu zinasubiri nje. Chumba ni baridi na kina harufu ya dawa. Mwili ukiletwa kwenye jeneza, uso huwa mweusi kuliko ulivyokuwa, wakati mwingine umevimba kidogo au umekonda, midomo imekaza, na pamba inaweza kuonekana puani. Mtu ambaye hakuambiwa mapema hushtuka na kusema, "Huyu si yeye." Kwa hiyo mwambie ukiwa bado nje, kwa sentensi fupi: atakuwa baridi, rangi imebadilika, uso umebadilika kidogo, unaweza kumgusa mkono au kuacha, na unaweza kutoka wakati wowote. Weka kiti karibu na mlango, chupa ya maji na leso ya ziada. Mmoja asimame nyuma ya mjane, hatua moja, bila kumshika mikono. Akitaka kuanguka utamdaka; akitaka kuinama ambusu mumewe kipaji cha uso, asizuiwe na mtu aliyemng'ang'ania.

Mtoto aamue mwenyewe kama ataingia, baada ya kuelezwa. Usimwambie baba amelala, ataogopa kwenda kulala. Usimwambie amesafiri, atamngoja. Mwambie baba amekufa, maana yake mwili wake umeacha kufanya kazi: hasikii baridi, haumwi, hatarudi nyumbani. Halafu mwambie kwamba Mungu hajamsahau, na kwamba Yesu ameahidi kuwaamsha watu wake siku moja. Mfuatano huo una maana, kwa sababu mtoto akisikia mbingu kabla hajaelewa kifo ataomba apelekwe huko kumtembelea.

Pale kando ya jeneza kuna sentensi moja ambayo Mkristo hapaswi kuisema, ingawa husemwa sana: "Hili ni ganda tu, mwenyewe ameshaondoka." Imani inayokiriwa kanisani inataja ufufuo wa mwili. Kaburi la Yesu lilikuwa tupu. Aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu wake. Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 15 anaufananisha mwili na mbegu inayopandwa katika uharibifu na kufufuliwa katika kutokuharibika. Mikono ile iliyofua nguo za watoto wanne, Mungu ana habari nayo. Mjane akimpangusa mumewe uso kwa leso anafanya jambo linalopatana na imani yake kabisa, na mfariji amwambie hivyo. Maombi hapo yasizidi dakika 5, kwa maana wahudumu wana miili mingine ya kutoa na familia ya nyuma yenu nayo inalia.

Kuna vifo ambavyo maneno ya kawaida hayavitoshi. Mtu akijiua, watu wa kanisa huja wakiwa na hukumu usoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2282 na 2283, inasema kwamba matatizo mazito ya akili, hofu au mateso yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu huyo, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa linamwombea. Kwa Waprotestanti, Warumi 8:38 na 39 hutosha: hakuna kitu, mauti ikiwemo, kinachoweza kuwatenga walio wa Kristo na upendo wa Mungu. Hata sheria ya nchi imeanza kusogea. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Familia ikikuuliza useme nini kuhusu sababu ya kifo, useme kile walichoamua wenyewe kusema, bila kuongeza wala kupunguza.

Mtoto mchanga au mimba iliyoharibika: usiseme "mtapata mwingine". Daudi alipofiwa na mtoto alisema, katika Samweli wa Pili 12:23, kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatarudi kwake. Hapo kuna kukutana tena, na hakuna kujifanya kwamba mtoto huyo hakuwa mtu. Wazazi Wakatoliki ambao mtoto wao hakubatizwa huogopa sana. Kanisa lao linamkabidhi mtoto kwa huruma ya Mungu na lina ibada ya mazishi kwa ajili yake, hivyo waonane na padre mapema. Mwite mtoto kwa jina kama alipewa.

Na yule ambaye hakuwa mtu wa kanisa, mlevi wa mtaa, ndugu aliyegombana na wote? Usimpeleke mbinguni kwa nguvu za mahubiri, na usimhukumu. Zungumza juu ya Mungu, ambaye ni mwenye haki na mwenye rehema, na juu ya waliobaki. Zaburi 34:18 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, na hao wapo mbele yako.

Kaburini, mambo hutegemea ni wapi. Kwenye makaburi ya Lang'ata, Nairobi, pana msongamano. Mazishi mawili au matatu yanaweza kuwa yakiendelea kwa pamoja, vipaza sauti vikigongana, na watu hupita katikati ya makaburi ya wengine wakitafuta pa kukanyaga. Soma kwa sauti ukisimama karibu na familia, wasikie hata kama wa nyuma hawasikii. Familia ikichagua kuchoma mwili, mtu atauliza kama marehemu atafufuka. Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hilo mwaka 1963, likisisitiza kwamba halizuii ufufuo, na tangu 2016 limeagiza majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kuwekwa nyumbani. Mwili wa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, ulichomwa kwenye tanuri la maiti la Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, na Wakenya wengi walianza kuuliza swali hilo wazi wazi wakati huo. Jibu ni fupi: aliyemuumba mtu kutoka mavumbini hashindwi na majivu.

Kilio kikubwa huja pale mchanga wa kwanza unapogonga jeneza, baada ya maneno ya udongo kwa udongo na majivu kwa majivu. Kwaya nyingi huanza kuimba kwa nguvu ili kukifunika. Mwambieni mwalimu wa kwaya asubiri kidogo. Kilio hicho kimengoja wiki mbili za kamati, bajeti na sare, na "lieni pamoja nao waliao" ya Warumi 12:15 ni agizo kamili kama yale mengine.

Baada ya hapo basi hurudi Nairobi Jumapili usiku, tenti imeshakunjwa, na kundi la WhatsApp la mazishi linafungwa baada ya mweka hazina kutoa hesabu. Hapo ndipo mfiwa hubaki peke yake, na hapo ndipo swali la yuko wapi hurudi, sasa bila wageni wa kulisikia. Gawaneni kazi kabla ya kurudi mjini. Mmoja apige simu kila Jumapili jioni kwa miezi miwili ya kwanza, maana Jumapili jioni nyumba huwa kimya. Mwingine asaidie maombi ya cheti cha kifo kupitia eCitizen, kwa kuwa bila cheti hicho benki, bima na malipo ya kazini hukwama, na mjane anayehangaika ofisini hana nafasi ya kuomboleza. Wa tatu aweke alama kwenye kalenda: shule zinapofunguliwa, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi, tarehe 2 Novemba kwa Wakatoliki (siku ya kuwaombea marehemu wote), na mwaka mmoja. Siku hizo nendeni tena wawili, na maziwa. Mwulizeni awasimulie kuhusu mtu wake, nanyi msikilize mpaka amalize. Sasa anaweza kusikia zaidi ya ahadi moja, kwa hiyo fungueni Wakorintho wa Kwanza 15, mwache asome mwenyewe kwa sauti, na maswali yote aliyoyabana wakati wa matanga ayaulize. Msiyoweza kuyajibu, mtafutieni miadi na mchungaji au padre wake wiki hiyo hiyo.